Koti la Yaya Thierry

Jumatatu, 8 Oktoba 2018

Afrika nzima hakuna fundi kama mimi! Shule niliacha darasa la sita, lakini nipe gunia nikushonee suti, rais mwenyewe aje kupimwa hapa Jeppestown. Sasa koti langu liko baharini kaskazini ya Urusi, kwa yaya Thierry, kaka yangu mkubwa, baharia wa meli ya mzigo. Makoti ya meli hayamwingii — mabega kama friji! Kanitumia voice: "Petit, mdogo wangu, linakaa sharp." Nimewasikilizisha mafundi wote. Mara tano.

Jumamosi, 13 Oktoba

Meli imekwama. Barafu imeziba njia mbele, wanangoja kwenye maji wazi meli kubwa ya kuivunja, na foleni yake ndefu kuliko ya magari hapa robot, taa za barabarani, zikizimika. Mtandao unashika dakika chache, unapotea. Nikamwambia shemeji Murielle, mkewe: tulia, mumeo kavaa kazi yangu. Akasema mdomo wangu unashona kuliko mashine.

Jumatano, 17 Oktoba

Voice fupi. Mawimbi yanarukia sitaha, maji yanaganda palepale — kwenye kamba, kwenye vyuma. Wanaipiga barafu kwa nyundo za mbao, kwa zamu. Nikacheka: baharia mzima anapasua barafu kama muuza samaki!

Bakiri hakucheka. Anashona viatu mlango wa pili, zamani alikuwa melini. Eti barafu ikijaa juu, meli inapinduka, kwa hiyo hakuna kupumzika.

"Wanalowa, mdogo wangu. Jasho ndani, maji nje. Koti umejaza nini? Kikinywa maji, kinaganda naye ndani."

Manyoya ya bata, nikasema. Haraka sana.

Ijumaa, 19 Oktoba

Hakuna voice tangu juzi. Nimekosea mikono ya mashati mawili. Eish.

Jumapili, 21 Oktoba

Murielle kaja moja kwa moja kutoka kanisani. Kapigiwa na ofisi ya meli. Thierry alianguka sitahani. Koti lilikuwa limeganda kama ubao, wamelikata kwa kisu. Anaongea ovyo, hatambui wenzake. Ukungu — helikopta haiwezi kuruka. Meli ya kuvunja barafu bado siku mbili.

Kanishika mkono. "Usijilaumu, shem. Kama manyoya yameshindwa, wewe ungefanya nini?"

Ananingoja sebuleni tusali. Nimesema navaa shati.

Sponji. Vipande vya godoro, vile tunavyojazia makoti ya hapa. Manyoya sikuyapata, yaya anaondoka kesho yake, nikaona aibu kusema nimeshindwa. Akaniuliza mara mbili. Mara mbili nikamwambia ni manyoya.