Kidevu cha Baba

Dada Eliza,

Shikamoo. Nakuandikia nimejitanda blanketi, maana leo ukungu wa Lushoto umeingia mpaka jikoni kwa shangazi. Tangu nipasuliwe taya na kurudishwa nyuma kule Dar es Salaam, meno yangu sasa yanakutana, na waya zimetolewa. Ila bado nakula uji tu na viazi vya kupondwa.

Jana nilipanga foleni ya sukari ya huo uji, kwenye duka la ushirika. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja. Nikamwamkia, akaitika vizuri, kisha akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtaja baba.

"Yule wa Mtae?" Akanikagua uso. "Nilipata naye kipaimara. Watoto wake wote wana kidevu chake, kinatangulia kuingia mlangoni. Wewe usimsingizie mzee wa watu."

Foleni nzima ikageuka. Nilitaka kueleza habari za hospitali, lakini taya lilikuwa limechoka. Nikajikuta nimejifunika mdomo kwa kanga kama zamani, ingawa sasa hakuna cha kuficha.

Dada, kioo nimeanza kukizoea. Baba ndiye anayenikosesha usingizi. Wapakate watoto kwa niaba yangu, na Jumamosi uje na baba kituo cha basi. Nikishuka tu, niite jina langu kwa sauti, kabla hajanikaribisha kama mgeni.

Ndimi mdogo wako yule yule,
Rehema