Kalamu Nyekundu ya Kocha

Jumatano, baada ya mechi

Na hata hakunitazama alipolisema.

Wiki jana kocha mpya alinieleza mwenyewe, kwa ajili ya makala yangu ya ubao wa shule, kwamba timu haitapiga tena mipira mirefu. Itaanzia kwa kipa, kwa pasi fupi za chini. Niliandika, "Huenda mashabiki wakaona mabadiliko." Akalikata "huenda" kwa kalamu yake nyekundu, akaandika "bila shaka". Nilifurahi mno kwamba mwalimu kama yeye amesoma kila sentensi yangu.

Leo wageni kutoka Nyaramba walitufunga mapema. Tangu hapo kocha alisimama kando ya uwanja akirudia, "Piga mbele. Piga mbele tu." Mipira ikaishia kwenye shamba la majani chai kando ya uwanja. Tulifungwa tatu bila.

Nyaboke wa darasa letu akanigeukia. "Mwandishi, hizo pasi fupi zimebaki kwa daftari?" Wote wakacheka. Kocha alikuwa akipita, wakamuuliza.

"Hayo ni mawazo ya huyu msichana," akasema. "Mimi sikuahidi mtu kitu."

Karatasi yenye wino wake ilikuwa mfukoni mwa sweta yangu. Niliishika humo humo mpaka wakatawanyika.

Kabla ya kuja nyumbani niliibandua nakala safi ya makala yangu ubaoni, nikabandika ile karatasi yenye wino mwekundu. Sikuongeza neno.

Sasa naogopa. Kesho kipindi cha kwanza ni Historia, na anayetufundisha ni yeye.