Furushi la Kila Alhamisi

Harlan Ferry, Iowa
19 Septemba 1943

Wifi yangu mpendwa Irma,

Kabla ya yote nikujulie hali. Vipi mkono wako, ule uliorukiwa na cheche kiwandani? Umepona, au bado unajifanya hauumi? Na yule msichana wa Oklahoma unayelala naye chumba kimoja, ameacha kuimba usingizini? Sisi huku wazima wa mwili. Marjorie amerefuka mpaka magauni yote yanamwishia juu ya magoti, na kitambaa cha kumshonea jingine hakionekani. Kaka yako Walter aliandika mara ya mwisho mwezi wa Agosti akiwa Sisilia. Alisema jua kali na zabibu nyingi. Mengine wasomaji wa barua wa jeshi waliyakata kwa mkasi, nikapokea karatasi yenye madirisha. Sasa redio inasema wamevuka kuingia Italia. Taarifa ya habari naisikiliza nikiwa nimesimama. Sijui kwa nini, kukaa siwezi.

Mimi mwenyewe sijambo, ila nimechoka mpaka basi. Nimechoka na vita, nimechoka na nyama, nimechoka na watu wanaotaka nyama, na kuliko wote nimechoka na baba yako. Tulia nikueleze taratibu, maana nikianzia mwisho utadhani nimerukwa na akili.

Bucha uliyoiacha siyo hii ya leo. Katikati ya wiki tunauza soseji zenye mkate mwingi kuliko nyama, na maini, na ndimi, vitu ambavyo zamani Baba aliwagawia wenye paka. Jumamosi nyama ya ng'ombe ikifika, foleni inaanzia mlangoni kwetu inakwenda mpaka kwa kinyozi. Kila kipande kina bei ya senti na bei ya kuponi nyekundu za mgao, na nikishazikariri zinabadilishwa. Wanawake ambao kanisani hawakuwahi kunisalimia siku hizi wananiita mpenzi. Mke wa mchungaji aliniletea keki isiyo na sukari, akasimama pale kaunta akizungumzia hali ya hewa huku macho yote yako kwenye mlango wa chumba cha baridi. Wakikosa, mapenzi yanakwisha hapo hapo: eti sisi Wajerumani tunafichiana. Baba amezaliwa ghorofani juu ya bucha hii hii, na mimi ukoo wangu ni wa Ireland, lakini nani anasikiliza.

Mayai dazeni ni senti hamsini na tano. Soksi za nailoni zimekwenda kushonwa miavuli ya askari wanaoruka kutoka ndegeni, basi wasichana wanajipaka rangi miguuni na kujichorea mshono nyuma kwa penseli ya nyusi. Mvua ikinyesha wanaingia dukani na michirizi kama ukuta wa nyumba inayovuja. Marjorie naye ameangushia nywele jicho moja kama yule mwigizaji anayeigwa na nchi nzima, na juzi kaligonga kabati la barafu kwa paji la uso. Nikimwambia abane nywele ananiuliza kama nachukia urembo.

Katikati ya balaa hilo tukaletewa Bi Prouty. Unamkumbuka Lavinia Prouty, mjane wa mkuu wa stesheni, yule aliyekuwa akiwarudisha watoto nyumbani wakanawe kabla ya kuwaruhusu kuingia kwenye kwaya. Kamati ya bei ilitafuta akina mama wa kujitolea kukagua maduka, wasije wenye maduka wakauza juu ya bei iliyowekwa. Bi Prouty alijitolea hata kabla hajaulizwa. Tangu Januari kila Jumanne asubuhi anaingia na kofia yake na miwani yake. Mara tangazo la bei limebandikwa upande. Mara mizani ifutwe vumbi ndipo apimiwe. Mara moja aliniomba niinue mikono yote miwili hewani wakati mshale wa mizani unatulia, mbele ya wateja, kama mwizi aliyewekewa bastola. Siku nyingine alirudisha mbavu akidai zimezidi mifupa. Baba akamwambia mbavu ndivyo zilivyoumbwa, malalamiko apeleke kwa Mungu. Nikajua leo ndiyo tunafungiwa. Badala yake Bi Prouty akacheka, akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Pale ndipo ningefungua macho, lakini nilikuwa nasaga nyama.

Ikaja Juni. Kila Alhamisi baada ya kufunga, Baba ananawa kwa sabuni ya limau, anachana nywele kwa maji, anachukua furushi lililofungwa gazeti, analibana kwapani, huyo anatokea mlango wa nyuma. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema kunyoosha miguu. Nikauliza na hilo furushi nalo linanyoosha nini. Akasema hayo ni yake, nimwachie.

Irma, niliwaza mabaya. Kuna mtu mwenye lori la kijani anayezunguka na ndama waliochinjwa porini, bila muhuri wala kuponi. Alikuja kwetu majira ya kuchipua, Baba akamfukuza na ufagio, lakini nikaanza kuwaza kwamba labda ufagio ule ulikuwa wa kunionyesha mimi tu. Nikamwona anakamatwa, bucha inafungwa, na mimi namwandikia Walter vitani kwamba hana pa kurudia. Nikapekua chumba cha baridi. Hakuna kilichopungua, na hilo likanitisha zaidi, maana sasa nyama ilikuwa inatoka nisikokujua. Nikafikia kunusa koti lake likiwa msumarini. Lilinukia bisi.

Macho hayakuwa yangu peke yangu. Gladys Tillotson, mke wa mwenye duka la vyakula ng'ambo ya barabara, pazia lake halipumziki. Mpaka Agosti mji mzima ulikuwa unajua kwamba Emil Brandhorst anatoka na nyama gizani kuwapelekea anaowataka, na jua la Agosti halizami hata saa mbili usiku.

Sasa hiyo Jumamosi ya wiki juzi. Nyama ilikuja kidogo, ikaisha foleni haijafika nusu. Aliyefuata alikuwa Gladys. Nikamwambia samahani, imekwisha. Akaegemea kaunta, akaipandisha sauti ili wafaidi na wa nje, akasema, "Imekwisha ya mlango wa mbele, bibie. Ya mlango wa nyuma je?"

Basi duka likachafuka. Kila mmoja alikuwa ameliona furushi, hata walio vipofu. Mmoja alisema mwanawe anakufa baharini halafu Mjerumani anauza minofu kwa magendo. Kopo la mafuta ya kukaangia, yale tunayokusanya ya kutengenezea baruti, likapigwa kumbo likapasuka, watu wakaanza kuteleza na kushikana. Marjorie alikuwa kwenye ngazi analia. Baba alikuwa na kisu mkononi; nilimwona anakilaza mezani polepole, mbali na mkono wake, ili asije mtu akasema neno. Kisha akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta, kila mtu aione. 

Hapo akaingia Bi Prouty, na haikuwa Jumanne. Alipenya mpaka mbele, akazunguka nyuma ya kaunta ambako mteja hakanyagi, akaufungua mlango wa chumba cha baridi wazi kabisa. Ndoano tupu ukutani, na mkia mmoja wa ng'ombe. Akawaambia anayetaka kuingia aingie, apekue mpaka chini ya barafu. Akasema amelikagua duka hili tangu Januari na halijamzidishia mtu senti hata moja, na kwamba angependa sana kusema hivyo hivyo juu ya maduka mengine ya mtaa huu, hasa upande wa sukari. Watu wakamgeukia Gladys.

Gladys akakunja mikono. Akasema sawa, hapo tumesikia, lakini furushi la Alhamisi ni la nini?

Baba akatazama sakafu. Mimi nikashika ukingo wa kaunta nikisubiri nyumba yangu ianguke.

Bi Prouty akavua miwani. "Ni viatu," akasema. "Viatu vyake vya Jumapili. Hawezi kuvivaa njiani, soli zimekwisha na kuponi ya viatu ameshamnunulia mjukuu wake. Anabadilisha kwenye ngazi za sinema. Nimejua kwa sababu mimi ndiye ninayemshikia vile vya kazini."

 Irma, mama mmoja mzee nyuma kule akaanza kucheka, wakafuata wengine, na nusu yao waliondoka bila nyama wala hasira. Mimi hasira zangu ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza.

Maana fikiria: sinema. Baba huyu aliyesema sinema ni ya watu wasio na kazi. Baba ambaye marehemu Mama alimwomba wakaone japo picha moja, akamwambia kesho, mpaka kesho zikamwishia yule mama. Nilimsubiri mezani jikoni nikamwambia hayo yote bila kupunguza, na baadaye nikaona aibu, kwa kuwa hakujitetea. Alisema ni kweli. Alisema alianza kwenda mwezi Mei, peke yake, si kwa ajili ya picha bali kwa ajili ya filamu ya habari za vita inayotangulia, akitafuta kama atamwona Walter kati ya askari wanaopita. Hakuniambia kwa sababu hakutaka na mimi nianze kutumaini kila wiki. Jioni moja mwanamke wa kiti cha nyuma alimgusa bega akamwambia avue kofia, kuna watu wengine nao wanamtafuta mtu. Alikuwa Bi Prouty. Ana mpwa wake jeshi lile lile. Wiki iliyofuata walikaa viti vya jirani, maana macho manne yanakagua safu za askari vizuri zaidi. Mwezi Julai waliona shingo na mabega ya kijana mmoja, wakakubaliana ni Walter, wakakata tiketi tena wakarudi kumtazama. Mara ya pili hawakupepesa macho, wakaona pale anapogeuka. Hakuwa yeye. Baba anasema Bi Prouty alimshika mkono pale, na hakuurudisha.

Sasa lile nililokuwa nazunguka nalo kurasa zote hizi. Wanaoana, Irma. Tarehe tisa Oktoba, kanisani kwetu, saa nne asubuhi. Baba hawezi kukuandikia mwenyewe. Ameanza barua nyingi zikaishia jikoni kuwashia moto. Anakuogopa. Saa hii amekaa mbele yangu ananoa kisu ambacho kimeshanoleka tangu jana, na kila nikigeuza karatasi anauliza nimefika wapi.

Bibi harusi amejiuzulu kamati ya bei, alijiuzulu Jumatatu iliyofuata, kwa kuwa anasema haiwezekani mtu akague nyumba atakayohamia. Nafasi yake wamempa Gladys Tillotson. Jumanne iliyopita aliniambia tangazo langu la bei limebandikwa upande. Na Bi Prouty anahamia chumba chako, samahani, hakuna kingine. Ameshapima dirisha. Ameshaniambia supu yangu ina chumvi na kwamba Marjorie atabanwa nywele, na Marjorie amekubali bila ubishi, jambo ambalo silisamehe.

Najua litakuuma kwa ajili ya Mama. Mimi pia limeniuma, na nimelia, ila sitakuficha kwamba nusu ya kilio ilikuwa wivu. Mzee wa miaka sitini na minne anapata mtu wa kukaa naye gizani, na mimi kitanda changu kina ubaridi tangu mwaka jana.

Alhamisi hii walinichukua tukaenda watatu. Walinikalisha katikati kama mtoto. Ilipoanza habari, askari wakaanza kupita kwenye vumbi, wengi, wanacheka na kamera, na sisi watatu tukainama mbele kwa pamoja. Sikumwona Walter. Nilimwona kila mmoja asiye Walter. Bi Prouty alinipa leso bila kunitazama, akaninong'oneza nikae wima, nisije nikaikosa safu inayofuata. Basi nikakaa wima.

Ndiyo hivyo, wifi yangu. Omba ruhusa kiwandani. Treni zimejaa wanajeshi, utasimama njia nzima, lakini njoo. Bi Prouty amenituma nikukumbushe uje na kitabu chako cha kuponi, maana mgeni wa zaidi ya wiki hawezi kulishwa kwa kuponi za wenyeji, na ndugu si sababu. Msalimie huyo mwenzako wa Oklahoma. Marjorie anakusalimu na kukuomba picha ukiwa umevaa kofia ya kuchomelea vyuma. Baba anasema nikuambie tu kwamba anakusalimu, kisha akasema nifute, kisha akasema niache.

Ukifika ukampenda, tutashukuru. Ukishindwa, njoo hivyo hivyo tumtete pamoja. Peke yangu hainogi.

Wifi yako anayekupenda,
Leona