Sauti Yako Ndani ya Redio

Kianda, Kibera,
Nairobi.
7 Februari 2008

Mpendwa Shangazi Ndululu,

Hujambo, na goti lako limepata nafuu? Pojo zimevunwa, ama jua limezimaliza shambani? Mwili wangu ni mzima. Roho ndiyo imegawanyika, nusu inaimba na nusu inatetemeka, kwa maana Osewe wangu yuko ndani kwa polisi.

Lakini kwanza ujue ninavyopendwa! Osewe huniamsha kwa chai. Kitanda chetu alikitengeneza mwenyewe, akachonga maua mawili kwenye ubao wa kichwani, eti moja ni mimi na jingine ni yeye. Kila nikiyatazama ninacheka peke yangu.

Ile redio ya kaseti uliyotupatia harusini hatukuifungua. Ulisema umetia kitu ndani, tukifungue tukiwa wawili. Osewe akasema redio ya Shangazi haiwezi kukaa sakafuni, lazima kwanza aitengenezee meza. Ikabaki kwenye boksi lake, na utepe wako mwekundu juu.

Tangu maduka yavunjwe kwenye fujo za uchaguzi, polisi wanapita mlango kwa mlango wakitafuta mali iliyoporwa. Watu sasa wanaogopa hata vitu walivyonunua. Jumamosi nilitoka kuchota maji nikakuta kichochoro kimejaa makochi, televisheni na magodoro, vyote vimetolewa nje usiku kwa hofu, kama sebule isiyo na mwenyewe. Watoto walivizunguka kwa mbali. Shuka lililofunika kochi moja lilikuwa likipanda na kushuka kwa upepo, ungedhani chini yake kuna mtu anapumua.

Zamani saa ya habari ungemsikia mtangazaji mmoja kutoka nyumba hadi nyumba. Sasa redio zote zimezimwa. Hata Osewe, akiniambia ananipenda, alikuwa ananong'ona.

Jirani yetu Akoth alituonya. "Bibi harusi, toa hiyo boksi nje. Kitu mpya siku hizi ni kesi." Nikakataa. Zawadi yako nitaitupaje njiani?

Jumapili mchana tulikuwa tunakula. Hawakubisha. Mlango uliangukia ndani, nao wakaukanyaga. Mambo ya darasani yakanijia mdomoni, nikauliza kama wana kibali cha mahakama.

"Madam, na nyinyi mkienda kuvunja duka mlibeba kibali?"

"Ni zawadi ya harusi, afande," Osewe akasema.

"Harusi gani wakati wa vita? Leta risiti."

Nani huomba risiti ya zawadi, Shangazi? Walimchukua pamoja na boksi. Wali wake ulibaki kwenye sahani, kijiko kimesimama ndani yake.

Jumatatu nilimpelekea chakula. Kituoni nikaambiwa ningoje nje, karibu na dirisha. Hapo nikasikia wanawake wakiimba Kikamba. Walikuwa akina mama wa kanisa lenu! Wimbo ukaisha, na wewe, Shangazi, ukaniita. "Kavindu! Kavindu, wewe na Osewe mnanisikia?"

Niliitika. Naapa, niliitika kwa sauti, nikageuka kukutafuta uani. Ndani watu wakacheka, kisha mtu akaizima redio yetu.

Niliingia nikawaambia huyo ni shangazi yangu, na Kavindu ndiye mimi.

"Akina Kavindu ni wengi," askari akasema.

"Walioolewa na akina Osewe pia ni wengi?"

Hakunitazama tena usoni.

Osewe nilimwona kidogo. Jicho moja limevimba, lakini alitabasamu, akauliza kama gundi ya meza imekauka. Shuleni nilifundishwa kwamba mshukiwa hupelekwa kortini upesi. Leo ni Alhamisi. Wanasema atapelekwa Jumatano ijayo, na redio italetwa kama ushahidi. Naomba kanda iwe bado imo.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa barua hii Nyamai, kondakta wa basi la Kitui. Unaweza kurudi naye.

Wasalimu Mjomba Kyalo na Mbithi, na akina mama wote walioniimbia. Mungu awafunike, na milango yenu ibishwe na wageni wema tu.

Njoo, Shangazi. Hakimu akishaisikia hiyo kanda, usimame mbele yake uniite vile vile. Nitaitika.

Akupendaye bila kuchoka,
Kavindu, mke wa Osewe