Makaratasi ya Baba Mdogo

Shituru, Likasi
Tarehe 7 Agosti 1994

Mpendwa Baba Mdogo Octave,

Jambo kwako, na jambo mara mbili kwa Mama Mdogo Émilienne. Kabla ya yote, miguu inaendeleaje? Camille, aliyetuletea barua yako, alisema siku zile za treni zilikuvimbisha miguu na kwamba mpaka leo unavaa viatu bila kufunga kamba. Na homa ya Mama Mdogo, imepungua? Watoto wamezoea maji ya Mwene-Ditu? Sisi tuko wazima kwa kipimo cha hapa. Mama Germaine anakohoa asubuhi tu. Mimi nina meno yangu yote. Tunakula mara moja kwa siku, Jumapili mara mbili.

Ninaandika kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa ulichonifundisha, ili Mama Mdogo asomewe barua nzima bila wewe kurukaruka mistari. Kuna mistari utakayotaka kuiruka.

Barua yako ilifika tarehe 19 Julai. Leo ni siku ya kumi na tisa na ndiyo kwanza najibu. Usidhani ni uvivu.

Nianze na masomo, kwa kuwa wewe ndiye uliyenisukuma huko. Niko mwaka wa pili, hesabu na fizikia. Tuko wanafunzi sitini na mmoja na viti ishirini na vinne. Mwalimu wa mekanika hatujamwona kwa wiki tisa. Silabusi yake iko nakala moja tu kwa darasa zima, na panya wamekula sura ya mwisho. Tunainakili kwa zamu, saa mbili kila mtu. Zamu yangu iliangukia wakati wa kukaanga mikate, basi mkono mmoja ulishika kalamu na mwingine mwiko. Ndiyo maana mpaka leo sijui kama mlinganyo wa kumi na nne una alama ya kujumlisha au tone la mafuta.

Kitabu chako cha hesabu ninacho, kizima, sijakichana hata ukurasa. Lakini kinaniudhi. Ukurasa wa 88 kinasema: bomba la kwanza linajaza birika kwa saa tatu, la pili kwa saa tano, yote mawili yakifunguliwa pamoja, birika litajaa kwa muda gani? Jibu ni saa moja, dakika hamsini na mbili na nusu. Nilipata, nikafurahi, kisha nikachukua ndoo nikaenda bombani. Bomba letu ni moja, na asubuhi ile nilihesabu ndoo themanini na nne kwenye mstari. Lilitoa maji mpaka ndoo ya thelathini na moja. Yangu ilikuwa ya arobaini. Bwana aliyeandika swali lile alikuwa na mabomba mawili na shida yake ilikuwa kujua tu saa ya kwenda kuyafunga.

Sasa nikueleze habari ya sanduku, ile malle yako.

Siku ile ya Mei mwaka jana, mlipofukuzwa mkoani, stesheni, wewe ulikuwa umesimama mlangoni mwa behewa na Mama Mdogo ameketi juu ya mafurushi, na mimi, niliyebaki kwa kuwa Mama ni mzaliwa wa hapa, chini kati ya watu waliolala pale wiki na wiki wakingoja treni. Treni ilipoanza kusogea ulinipigia kelele: “Sylvie, makaratasi yangu yote iko mu malle, kwa Étienne. Endeye, kamata. Usiache ipotee bure.” Hayo tu. Nimeyarudia kichwani mara nyingi sana mwezi huu na hakuna neno lingine ulilosema.

Wewe umefundisha miaka kumi na tisa. Kwako makaratasi ni vitu vyenye muhuri. Mimi nauza mikate sokoni Kikula tangu Papa, kaka yako, alipokufa. Kwangu karatasi ni kitu cha kufungia mikate, na kila asubuhi naitafuta kama ninavyotafuta unga. Nilimshukuru Mungu. Nikasema, Baba Mdogo anakwenda safari ya namna ile, na bado amekumbuka kwamba sina cha kufungia.

Siku ya tatu nilikwenda kwa jirani yako Étienne. Alilitoa sanduku, akanisaidia hata kuliweka kichwani. Ndani mlikuwa na madaftari ya wanafunzi wako, kitabu cha hesabu, na lile buku nene la hadithi lenye jalada jekundu. Nilianza na madaftari. Yalipokwisha nikaanza buku jekundu, tangu ukurasa wa kwanza, kwa utaratibu, na kila ukurasa niliusoma kabla haujapata mafuta.

Nakuambia ukweli, yule mwanamke wa ndani ya buku alinichosha. Anangoja barua ya mchumba. Kurasa kumi na moja hali chakula kwa sababu barua haijafika. Nilimsimulia Mama tukiwa tunakanda unga. Mama akauliza, “Chakula ilikuwa pale, na yeye alikatala?” Nikamwambia ndiyo, na nyama ndani. Mama akaendelea kukanda, akasema, “Basi huyo aiko na njaa, iko na ugonjwa.” Lakini nikaendelea kusoma. Nilitaka kujua kama barua itafika.

Mwezi wa saba ukaja mtihani. Siku tano nilimwachia Mama meza. Mama hasomi, unajua. Niliporudi alikuwa amefungia kurasa thelathini mbele yangu, kutoka 183 mpaka 212. Nilimfokea, Baba Mdogo. Nilimfokea mama yangu kwa ajili ya mwanamke asiyekula nyama. Nikazificha kurasa 106 zilizobaki, na kwa hasira sikuzisoma. Mama alijitetea kwa neno moja nililolipuuza: kwamba ndani yake alikuta hata karatasi moja ngumu, nzuri, isiyopitisha mafuta, akampa mtu aliyenunua mikate kumi.

Mwaka mzima ukapita. Kisha ikaja barua yako. Unasema shule ya misheni huko iko tayari kukupa darasa mwezi wa Septemba, ukionyesha diplome ya ualimu. Unasema niitume haraka, imo ndani ya buku jekundu, kati ya ukurasa wa 200 na wa 201.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikaketi chini, pale pale kwenye vumbi la soko.

Na hapa nina neno langu na nitalisema. Makaratasi ya nyumba uliyashona ndani ya koti ukaondoka nayo. Nilikuona ukiyashona. Nyumba iliyokwisha kuingiliwa na watu ukaibeba mwilini, na kazi ya mikono yako ukaiacha kwenye hadithi. Ungeniambia neno moja, diplome, ningeilaza chini ya mto wangu. Najua siku ile hakuna aliyekuwa na akili yake. Lakini lawama nimeibeba siku kumi na tisa peke yangu, na nusu yake ni yako.

Nikatangaza sokoni: atakayeleta karatasi ngumu yenye muhuri, aliyofungiwa mikate kwetu, nitampa mikate kumi. Kwa siku nne nililetewa karatasi ishirini na tatu zenye muhuri. Kadi za chanjo. Cheti cha ubatizo. Mzee mmoja alileta kitambulisho chake mwenyewe, akasema, “Hii aiko na kazi tena, lakini muhuri ni ya kweli.” Mama mmoja alileta karatasi ya kifo cha bwana wake. Nikamwambia si hii, na si ya kufungia mikate, airudishe nyumbani. Akasema, “Nyumbani itafanya nini? Yeye anajua kama alikufa.” Huyo nilimpa mikate miwili.

Siku ya tano akaja Daniella, yule muuza makaa wa karibu na kwenu. Akatazama meza yangu, akasema, “Karatasi ngumu, muhuri ya mviringo, na kisura cha mutu kimekaa na hasira?”

Nikasema ndiyo, ni Baba Mdogo wangu.

“Iko mu dirisha ya nyumba yenu ya zamani. Banza alizibia kiyo chenye kilipasuka. Minye napita pale kila siku, ananikazia macho.” Kisha akanyosha mkono. “Mikate yangu kumi nakula leo, ao nangoja mpaka dirisha ifunguliwe?”

Nilimpa. Nikafunga meza, nikaenda.

Ni kweli, Baba Mdogo. Kioo kilichovunjwa siku mliyotolewa, upande wa barabara, kimezibwa na diplome yako. Uso wako wa mwaka 1974 unatazama nje. Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Matofali ya ukuta ule nilikuhesabia mimi nikiwa na miaka tisa, elfu nne na mia mbili, na wewe ukanipa peremende kwa sababu sikukosea hata moja.

Kisha nikakosea. Banza, yule aliyeingia nyumbani mwako, alifungua mlango, mtu wa makamo, mpole, si mtu wa kelele. Nikasalimia, nikajitaja na kwetu Shituru, nikasema, “Nimekuja kutwaa makaratasi ya Baba Mudogo, mwenye nyumba hii.”

Unaona nilichofanya? Neno lile lile. Mpaka dakika ile ilikuwa karatasi ya mikate. Akageuka akatazama dirisha, akanitazama mimi, uso ukabadilika.

“Kumbe ni yo,” akasema. “Makaratasi ya nyumba. Mwaka muzima inakaa mu nyumba yangu na minye sijue.”

“Hapana, papa. Ni ya masomo. Haina kitu na nyumba.”

“Kama ni ya masomo, juu ya nini umetoka Shituru na miguu kuifwata? Weye unaniona mupumbavu. Anataka kurudia?”

Nikamsomea kupitia dirishani, herufi kwa herufi. Hakuniamini. Mke wake akasema nyuma yake, “Usitoe. Wakirudia, tutalala wapi? Tumezaa humu.” Na kweli, mtoto alikuwa mgongoni mwake. Nilitaka kumchukia nikashindwa kumaliza.

Wakamwita mchungaji wao, Pasta Patrice, asome. Akasoma polepole, akasema ni karatasi ya shule, jina la nyumba halimo. Banza akafikiri, akasema, “Bon. Kama aiko ya nyumba, aandike kama mwalimu hatarudia kulomba nyumba. Aandike, aapishwe, minye nampa.”

Baba Mdogo, sasa uko kwenye mstari ambao ungeuruka. Nimeandika. Niliandika kwamba mwenye nyumba hii hatarudi kuidai, yeye wala watoto wake. Nikasaini jina langu, si lako. Nikaweka mkono juu ya Biblia ya Pasta Patrice na kuapa. Habari ya koti sikuisema.

Nimeipiga hesabu kila upande. Sahihi ya muuza mikate haiwezi kuiuza nyumba ya mtu mwingine. Hakimu yeyote angecheka. Kwa hiyo nyumba bado ni yako, karatasi za kotini ziko hai. Huo ni upande wa kwanza. Upande wa pili ni kwamba niliapa, na kiapo hakina sehemu iliyo nusu. Siku utakaposimama mlangoni kwa Banza na koti lako, nitakuwa mwongo mbele ya Mungu na mbele ya yule mama mwenye mtoto mgongoni. Siku hiyo ikija, sitakuzuia. Nilijua bei ya mkono wangu nilipouweka pale. Ila usiniambie kwamba ningetafuta njia nyingine. Septemba iko wiki tatu tu mbele, na watoto wako ni watano.

Banza akaibandua. Akauliza, “Na dirisha, nitaziba na nini?” Nilikuwa nimechukua jalada la buku jekundu katika mfuko, sijui kwa nini, labda kuonyesha diplome ilikotoka. Nikampa. Limetosha. Sasa dirisha lako ni jekundu.

Diplome imo humu, ndani ya zile kurasa 106, na nimezifunga kwa kitambaa. Jua limeifuta rangi upande wa kushoto na kuna duara la mafuta chini, lakini jina linasomeka, mwaka unasomeka, muhuri uko mzima. Uso wako bado umekasirika. Camille ataibeba mwilini, si kwenye mzigo; nimemwambia neno lenyewe, diplome, na nikamfanya alirudie mara tatu. Kurasa usizitupe. Sijazisoma, na nikizisoma sasa bila zile thelathini zitanichanganya. Soma wewe, umwambie Camille kama ile barua ilimfikia yule mwanamke. Mama naye anauliza kama hatimaye alikula.

Kama una hasira juu ya nyumba, ni haki yako, sitajitetea zaidi ya hapa. Ninaomba jambo moja tu. Usinikasirikie ukiwa umekaa kitako nyumbani. Nikasirikie ukiwa umesimama darasani na chaki mkononi.

Mama Germaine anakusalimu na kusema kosa la karatasi ngumu ni lake, ila angejuaje. Étienne anakusalimu, sanduku tupu amelirudisha kwake, analichunga. Daniella naye anakusalimu, anasema barabara imekuwa na upweke bila macho yako. Nisalimie Mama Mdogo Émilienne, Jessy, Princesse na wadogo wote. Mungu aliyewafikisha kwa treni ile awape paa lisilo na mtu wa kulidai, na ile miguu yako aipe nguvu ya kusimama mbele ya watoto asubuhi nzima.

Ni mimi mwanao, akupendaye hata akikulaumu,

Sylvie