Sauti Yangu Kwenye Mizani

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo nilikuwa shambani, na bado nimepima majani ya chai ya watu wote kituoni. Nani mwingine Nyacheki nzima anaweza? Simu ya karani Joash imeunganishwa na mizani, inataja kilo kwa Kigusii, na sauti ni yangu. Kila namba naimalizia: Anyona amepima! Programu yenyewe ni ya Ogweno, mtu wa Kisumu, anawapa watu bure. Binti yangu Mokeira aliichukua akaipachikia sauti kwa ajili ya Gesare, mjane wa ndugu yangu. Haoni. Lakini haibiwi!

Mokeira amepiga simu kutoka Kisii mjini. Ogweno alitoa programu mpya tangu Januari, amerekebisha vitu, mbona bado nakataa? Ile ya Desemba ilifuta sauti, Gesare akarudi nyumbani na majani yake. Anasema programu ya Ogweno mwenyewe ikibadilika, yetu lazima ifuate. Anyona afuate nani? Mwenyekiti wa kituo ni mimi. Hapana.

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Simu ya Joash ilizimika, ikawashwa tena. Gesare akaleta gunia limejaa hadi mdomoni. Mizani ikataja kilo chache — yaani mimi nikataja — Anyona amepima. Na nilikuwa nimesimama hapo hapo!
Akageuza uso kunitafuta. Shemeji, hata wewe?
Watu wakacheka. Nikamwambia mashine haikosei. Akasema mgongo wake ulishapima njiani. Akaliacha gunia, akashika fimbo, akaenda.

Alhamisi, 6 Machi
Nimetoa ile mizani ya zamani ya chuma. Gunia la Gesare lilikuwa bado stoo, nikalipima. Mgongo wake ulisema kweli.
Mokeira ameeleza. Simu ilipozimika, kikapu cha mkulima Onyancha kilikuwa juu ya mizani. Ilipowaka ikadhani kikapu ni sehemu ya mizani. Kikaondolewa, na Gesare aliyefuata akakatwa uzito wa kikapu kizima. Ogweno alishalirekebisha kosa hilo. Marekebisho yamo katika ile mpya niliyokataa.
Joash amesahihisha kilo za Gesare. Lakini aliyemwambia uongo ni mimi, kwa mdomo wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Sabato. Gesare amekaa upande ule mwingine wa kanisa. Hajaitikia salamu.

Jumapili, 9 Machi
Mokeira amekuja. Anasema kosa letu ni kupachika kitu chetu ndani ya kazi ya Ogweno. Ni kama kupanda mgomba katikati ya shamba la mtu, akilima, anaung'oa. Tumpe Ogweno sauti aiweke kwake. Basi kila akibadilisha, inakuja nayo.
Mtu wa ziwani atunze sauti yangu! Nimekataa mpaka chai ikapoa. Halafu nikauliza: na wa kituo cha Marani watanisikia? Ndiyo, tata, akasema binti yangu, na Nyakoe, na popote wanapoitumia. Basi tuma!
Ogweno amejibu kwa heshima. Karibu sana mzee, lakini anataka namba peke yake. Hataki jina langu mwishoni.
Lakini hapo ndipo penyewe! Mokeira akaniangalia. Tata, Gesare aliambiwa nini Jumatano?
Nikaenda kukama ng'ombe.

Jumatatu, 10 Machi
Niko stoo ya kituo na Mokeira. Programu mpya ya Ogweno imeingia kwenye simu, haina sauti bado. Tunarekodi upya, namba peke yake. Watu wengine wameshapimiwa, wanasoma kilo wenyewe. Gesare amekuja pia, ameketi mlangoni juu ya gunia lake. Amesema haliweki juu ya mizani mpaka asikie sauti.
Kazi ni ngumu! Nikimaliza namba, mdomo unataka kuendelea. Mokeira ananyoosha mkono: tata! Tunarudia. Gesare ameuliza nani huyo anayeongea kwa upole hivyo. Joash amecheka hadi akatoka nje. Mimi sijacheka. Kidogo tu.
Nimefika ishirini na tisa. Mokeira anahifadhi, ndiyo maana naandika. Gunia la leo linapita thelathini, Gesare anasema, mgongo umeshapima.
Lori la kubeba majani limepiga honi kule kona. Joash anasema halitasubiri. Gesare hainuki. Endelea, shemeji, amesema.
Mkono wake uko kwenye kamba ya gunia. Hajaifungua, anangoja thelathini.