Mahindi ya Mlimani Ugogoni

Bumbuli,
9 Julai 1975

Mwanangu Yonathani,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mkeo Zipora na huyo mjukuu wangu. Shikamoo yako niliisoma, marahaba. Mimi mwili ni mzima, isipokuwa kifua kinabana kidogo kwa baridi, maana wiki ya pili sasa ukungu haujatoka migombani na nguo nilizofua Jumatatu bado mbichi. Yule mbuzi mweupe amezaa. Mjomba wako Sefania amepona jipu, kwa hiyo amepata nafasi ya kulalamikia mengine.

Utashangaa kuona mwandiko huu. Siku zote aliyeniandikia ni Timotheo wa lori. Hii naandika mwenyewe, kwa kile kisomo cha watu wazima ulichonichekea, ukasema cheti changu kitanikuta kaburini. Naandika polepole, utanivumilia. Yapo maneno ambayo sitaki yapite mkononi mwa mtu mwingine.

Barua yako nilipewa kanisani Jumapili. Umesema tarehe thelathini Mzee Shabani wa Magoma ataitwa Korogwe, aulizwe kwa nini alikipa kijiji cha ujamaa mbegu mbaya, na wewe mwenyewe bwana shamba utakuja na lile gunia liwe ushahidi. Umesema wanamwita mhujumu. Umesema anakana, anadai mwaka jana hakuniona kabisa wala hakunipa hata punje, na kwamba uongo huo utamzidishia kosa. Tena umeniomba nije nisimame upande wako. Nimeisoma mara nne.

Kwanza nikukumbushe nilivyoiona nchi yenu ya Ugogo mwezi wa tatu, nilipokuja kumwogesha mtoto. Nilishuka kwenye treni na sweta langu, akina mama wa kijijini wakaniita Mama Baridi, wakauliza kama kwetu watu huzaliwa na sweta. Nikawaambia kwetu maji hujiteremkia yenyewe mferejini mpaka karibu na jiko. Wakamwambia Zipora kwamba mama mkwe wake ni mwongo mtamu. Wao walikuwa wamekaa kitako katika mto mkavu, wanachimba mchanga kwa kibuyu, wanangoja maji yajae kikombe. Mwezi huo huku kwetu ndio masika yanapiga hodi.

Mwanangu, huku jua ni mgeni, huko jua ndiye mwenye nyumba. Huku mvua hutujia kwa zamu, vuli na masika, na ile nyembamba ya mluati baada yake. Mmoja akikosa, mwenzake hutulisha. Kwenu mvua ni moja tu kama mtoto wa pekee, na mwaka huu alikuja Desemba akaondoka kabla mwezi wa tatu haujafika nusu. Huku mahindi hukaa shambani miezi sita na zaidi, yananyonya ukungu, hayana haraka na mtu. Huko, wewe mwenyewe ulinieleza, mmea ukikawia kupita miezi mitatu umekufa.

Na wazee wa pale walikuambia. Walitaka uwele wao. Wewe ukawaambia mahindi ya Magoma ni ya nyika, yamezoea joto, yanakomaa upesi. Wakakuamini, wakakupa bonde lao zuri.

Ulinipeleka kwenye shamba hilo jioni moja. Mahindi yalikuwa yamenipita kimo, mabua manene, majani mapana ya kupendeza, na hakuna hata bua moja lililobeba. Chini ardhi imepasuka. Ukaniuliza, mama, hii ni mbegu gani. Nikakujibu kwamba labda Mzee Shabani amezeeka, siku hizi anachanganya mbegu. Wewe hukuwa umemtaja. Jina lake nililitoa mimi.

Sasa nisome vizuri. Mzee Shabani hakunipa mbegu. Mimi Magoma sikufika.

Uliponituma nikachague mbegu kwake, kwa kuwa alikuwa rafiki wa marehemu baba yako, niliitika vizuri. Gulio la Magoma huanza asubuhi, ni lazima ulale. Nikaondoka na mikoba yangu, nikafika pale mlima unapokatika ukaiona nyika yote imelala chini, nyeupe kwa joto. Ni hapo tulipompokea kaka yako Hezekia akiwa kwenye machela, baada ya kulala Magoma siku mbili. Hatukuwahi kumfikisha hospitali, homa ilimmaliza. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Sisi watu wa mlimani tunakua tukiambiwa nyika si ya kulala, na mimi nimelipia kulijua hilo. Nilikaa juu ya jiwe mpaka jua likawa la utosini. Nikageuka.

Nyumbani nikapanda darini juu ya jiko, nikashusha mahindi yangu mwenyewe ya mbegu, yaliyokuwa yanapigwa moshi. Nilichagua yaliyo makubwa. Nilijiambia mahindi ni mahindi, na mbegu iliyolala kwenye moshi wa mama haiwezi kumwangusha mwana. Kisha nikachukua mkaa nikaandika MAGOMA kwenye gunia, nikampa Timotheo akuletee, nikamwambia kwamba vijana wa Shabani wamelipandisha. Hilo ndilo neno la kwanza nililoandika nje ya darasa. Liweke karibu na barua hii, utauona mkono.

Najua ulitia sahihi kwamba umeikagua ile mbegu. Uliitia kwa sababu ilitoka kwangu. Kweli hii ikisemwa wanaweza kukufukuza kazi, na miezi hii minne nimekaa kimya nikijidanganya kwamba nakulinda. Zipora aliniandikia mnakula unga wa kupimiwa na mizizi, na nyumba mbili zimezika watoto. Sitakuambia ni mapenzi ya Mungu. Sikumuuliza nilipokuwa nafunga lile gunia.

Keshokutwa nashuka Magoma. Nitamwambia Mzee Shabani mbele ya watu wake, na kama ni kulala nitalala. Tarehe thelathini utanikuta Korogwe, nimekaa upande wake. Wakikuuliza mwandiko ni wa nani, sema ni wa mama yako. Ukishindwa, nitasema mimi, na usinisamehe mbele za watu, itawafanya waone ni jambo dogo.

Mpakate mtoto kwa niaba yangu. Zipora mwambie asiniandikie kwa sasa. Wale majirani zako wasomee barua hii yote kwanza, ndipo uwape salamu zangu. Wakikataa kuzipokea, usiwabembeleze.

Ni mimi mama yako,
Efrazia